Shangazi Nedyalka na Uzi wa Kwenye Nembo

Baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kupanga kila saa inayoonekana kwenye kituo chetu cha Iskar Kimataifa hapa Sofia, Bi. Nedyalka Pashova, Mkuu wa Ratiba na Mwonekano wa Skrini, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 22 Machi. Hivyo ndivyo anavyoitwa kwenye barua yake ya ajira. Sisi wengine, kuanzia walinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Shangazi Nedyalka, na mkurugenzi akimwita hivyo ujue kuna kitu anataka.

Hajawahi kuonekana kwenye skrini hata sekunde moja. Lakini mtazamaji wa Vienna au wa Thessaloniki akifungua kituo chetu, anachokiona kabla hata hajamtazama mtangazaji ni kazi ya Shangazi: saa ndogo pembeni, ukanda wa habari unaopita chini, bluu isiyochosha macho, na nembo yetu kwenye kona ya kulia. Habari kila saa kamili kwa lugha tano, hali ya hewa dakika ya ishirini na sita, michezo baada yake, kisha tunaanza upya. Yote hayo ni mkono wake.

Alianza mwaka kituo kilipofunguliwa, katika chumba kimoja juu ya duka la viatu, na penseli za rangi. Alichora duara kwenye karatasi kubwa, akaligawa vipande kama sinia la banitsa, mkate wetu wa jibini, kila kipande kipindi chake. Kompyuta zimekuja na zimebadilishwa mara sita, na duara lile bado limebandikwa ukutani kwake. Mfumo ukigoma, na hugoma kila Jumatatu, wote tunakimbilia karatasi ile.

Wapo wanaodhani ratiba hupangwa kwa takwimu. Shangazi huipanga kwa simu. Wakubwa walitaka taarifa ya Kibulgaria kwa walio ughaibuni iwe saa moja jioni, kama vituo vyote. Yeye akampigia binamu yake anayetunza wazee kule Bari, Italia, akamuuliza anapumzika saa ngapi. “Ajuza wangu akishakula na kusinzia,” binamu akamwambia, “nina dakika arobaini za kuwa binadamu.” Basi taarifa ikawekwa saa tisa na robo mchana, na haijahama tangu siku hiyo. Barua za wanawake wetu walioko Italia huanza hivi: “Mpendwa Saa Tisa na Robo.”

Kuhusu ule utepe mwekundu wa Habari za Punde, kila mhariri humu ndani ana kovu lake. Shangazi aliufungia kama dawa. Ukiutaka, ulikwenda mezani kwake ukajieleza. Mhariri mmoja, sitamtaja ingawa anakaa karibu na dirisha na leo amevaa tai ya kijani, aliuomba kwa sababu waziri alikuwa amechelewa kikaoni. Shangazi akamtazama juu ya miwani. “Mwanangu, ukimpa waziri aliyechelewa rangi nyekundu, siku ya mafuriko utanipa rangi gani?” Mafuriko yalipokuja, utepe ukawaka, na watu walijua kwamba sasa si mchezo.

Lakini mtu akiniuliza Shangazi Nedyalka ni nani, nitamsimulia habari za uzi.

Kila tarehe mosi Machi, tunapofungana mikononi martenitsa zetu, zile nyuzi nyekundu na nyeupe za kukaribisha masika, ambazo mtu huzivua na kuzifunga mtini akimwona korongo au mti uliochanua, nembo ya kituo nayo hufungwa yake. Ni kitu kidogo tu, vishada viwili vinavyoning'inia kwenye herufi ya kwanza. Hukaa hapo hadi korongo wa kwanza aonekane nchini, kisha Shangazi huiondoa kwa mkono wake. Sharti lake ni moja: mtazamaji lazima apige simu na kusema jina lake, mahali alipo na saa aliyomwona. Miti iliyochanua haihesabiki. Shangazi anasema mti wa matunda hudanganywa na jua la siku mbili, korongo hadanganyiki.

Miaka kadhaa iliyopita tulikaribia kuupoteza uzi huo. Kampuni ya usanifu kutoka nje ilituletea sura mpya pamoja na kitabu cha kanuni chenye kurasa mia moja arobaini. Ukurasa wa tatu ulisema nembo haiguswi, haivikwi, haifungwi chochote. Mgeni wao akatuuliza kama tunakubaliana. Sisi wote, Shangazi akiwa wa kwanza, tukatikisa vichwa juu na chini, kama tunavyokataa hapa kwetu. Mgeni akafunga kompyuta yake, akatushukuru kwa ushirikiano, akapanda ndege. Hadi leo anaamini tulikubali, na hakuna aliyejisumbua kumrekebisha.

Sasa nikiri langu. Mimi, Lyuben Karadimov wa chumba cha michoro, niliyepewa kazi ya kuandika haya, ndiye niliyeleta aibu ya tarehe 9 Machi, miaka minane iliyopita.

Asubuhi hiyo niliona kwenye kompyuta picha ya korongo akitua juu ya nguzo ya umeme. Picha nzuri, jua zuri. Shangazi alikuwa kwa daktari wa meno. Nikasema moyoni, leo nitamfurahisha bibi huyu, nikauondoa uzi kwenye nembo. Sikuangalia tarehe ya picha. Ilikuwa ya mwaka uliotangulia, imetolewa maktaba kwa ajili ya kipindi cha kilimo.

Loo! Kufika saa sita mchana, madereva wetu wa malori huko Ujerumani walikwisha vua nyuzi zao na kuzifunga kwenye miti ya vituo vya mafuta. Wauguzi, wachuma matunda, wanafunzi, wote walivua. Simu hazikukatika, watu wakiuliza korongo kaonekana wapi. Iliyonimaliza ilitoka kwa mhandisi wetu mmoja anayejenga barabara Singida, Tanzania. “Nyie mmelewa?” alifoka. “Korongo wote wako hapa! Ninawaona kwa macho yangu wanakula panzi! Rudisheni uzi!” Alasiri theluji ikaanza kuanguka Sofia, kana kwamba nilikuwa sijaaibika vya kutosha.

Shangazi alirudi shavu limevimba. Hakupiga kelele. Aliniuliza maneno matatu tu: “Jina? Mahali? Saa?” Sikuwa na hata moja. Akaurudisha uzi, akakaa, akaandika kwa ajili ya ukanda wa chini: “Korongo tuliyemtangaza leo alikuwa wa mwaka jana. Tunaomba radhi kwa watazamaji wetu.” Akaagiza yapite kila nusu saa, kwa lugha zote tano. Mhariri wa Kigiriki akauliza korongo gani tena. “Wewe tafsiri tu,” akajibiwa.

Mkurugenzi wetu, Bw. Ognyan Tabakov, alishuka ngazi mbili mbili. Alikuwa na wageni ofisini. Alimwambia Shangazi kwamba kituo cha kimataifa kinachoomba radhi kwa sababu ya ndege kitachekwa hadi Brussels, na kwamba maneno hayo yasipoondolewa, atakayeondolewa kazini ni yeye Shangazi. Shangazi alikuwa amebakiza miaka minane kustaafu, ana mume mgonjwa, na alijua mkurugenzi hatanii. Akajibu kwa sauti ya chini, mdomo bado una ganzi: “Ognyan, leo ni korongo. Kesho itakuwa idadi ya waliokufa. Mtu aliyevua uzi wake kwa kutuamini, mimi siwezi kumwacha hivyo. Kama ni kuniandikia barua, iandike, lakini maneno yatapita.”

Yalipita mara tisa. Barua haikuandikwa. Bw. Tabakov mwenyewe ameniruhusu niseme hapa kwamba alipanda ngazi akiwa na hasira, akakaa, akaona alikuwa amekosea. Korongo wa kweli alionekana siku kumi na mbili baadaye na mwalimu mstaafu wa Silistra, saa nne na dakika kumi asubuhi. Tangu siku hiyo maneno Jina, Mahali, Saa yamebandikwa juu ya kila meza ya habari katika jengo hili, na hakuna kinachopanda hewani bila hayo. Tuzo tulizopata zimejaa kabati la mapokezi, lakini mimi najivunia vikaratasi vile kuliko kabati zima.

Na hapa ndipo tulipokwama mwaka huu. Shangazi ameomba zawadi moja tu ya kuagwa: kuuondoa uzi kwa mara ya mwisho kabla hajatoka. Baridi imekaza. Leo ni Alhamisi, kesho anaondoka, na hakuna korongo hata mmoja aliyeripotiwa. Wiki nzima tumekodolea simu macho. Dereva wetu Genadi, kwa huruma zake, jana aliingia akihema kwamba amemwona mmoja karibu na kiwanda cha bia.

“Miguu yake ina rangi gani?” Shangazi akamuuliza.

“Myeusi, Shangazi.”

“Ya korongo ni myekundu. Basi umeona kunguru aliyeshiba. Kaa unywe chai.”

Tungeweza kumpa korongo wa uongo. Nani angejua? Mhandisi wa Singida alikwisha hama. Hata Bw. Tabakov alinong'ona kwamba mara moja si mbaya, kwa heshima ya mama huyu. Shangazi akasikia, akatikisa kichwa juu na chini, na safari hii hakuna aliyekosea maana yake. Kisha akaja mezani kwangu, mimi wa tarehe 9 Machi, akaniachia karatasi ya neno la siri la nembo, alilolificha tangu siku ile. “Utauondoa wewe,” akasema. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Shangazi Nedyalka, asante kwa kila saa uliyotupangia. Asante kwa bluu, kwa utepe uliotunyima, na kwa aibu uliyotufundisha kuibeba mbele ya watu. Tunakuombea afya na usingizi usiokatizwa na simu zetu za Jumatatu, wewe na mumeo, Baba Spas, katika nyumba yenu kule kijijini kwenye tambarare ya Maritsa, ambako kiota cha korongo kiko juu ya mnara wa kanisa, mbele ya dirisha la jiko lako. Kesho utatoka getini na nembo bado imevaa uzi. Ukimwona, tupigie. Simu itakuwa mezani kwangu, na nitakuuliza jina, mahali na saa, kama mtazamaji mwingine yeyote.