Mama Asenath, Aliyeandaa Meza Kando ya Mapipa

Marehemu Asenath Kahaso alizaliwa mwaka 1941 huko Kinakomba, kifungua mimba wa mkulima wa mpunga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu aliwahi kumrudisha nyumbani kwa kosa la kucheka wakati wa sala, na tabia hiyo haikumtoka hadi uzeeni.

Mwaka 1960 alifunga ndoa na marehemu mzee Zakaria, wakahamia Garsen na kubarikiwa watoto watatu. Mwaka 1974 alifungua hoteli yake. Ambaye hakuwahi kuonja wali wake wa nazi kwa kambare, leo tunampa pole mara mbili.

Mafuriko ya Elinino yalipopungua, kampuni moja kubwa ya taka ilipewa kibali cha kuchimba shimo lenye ua, mbali na mto. Shimo hilo hatujaliona hadi leo. Malori yalimwaga mapipa ya kemikali na taka za zahanati kwenye malka, ile njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wafugaji walikuwa malishoni mbali, na meneja wa kampuni akadhani pale hapana mwenyewe. Kiangazi kilipofika, Jatani, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akimletea Mama maziwa, alirudi na mifugo yake, na ng'ombe wakaanza kufa.

Wakaguzi wa serikali walikuja. Kampuni iliwapeleka moja kwa moja hotelini kwa Mama, wakala, wakashiba, wakaondoka wakisifu usafi. Mama aliumia sana kuona wali wake ndio unaofunika uchafu ule. Lakini wafanyakazi wa kampuni ndio waliokuwa wateja wake wakubwa, na bintiye Lois alimwonya kwamba akiwaudhi atafunga hoteli.

Wakaguzi waliporudi, walikuta jiko limezimwa na meza zimepangwa malkani. Meneja alimvuta Mama kando.

"Mama, sisi tulipatana hotelini."

"Chakula kiko huku, mwanangu. Na wageni wako wana njaa."

Wageni waliketi. Upepo uligeuka, vijiko vikawekwa chini, na mkubwa wao akainuka kuifuata harufu mpaka kwenye mapipa. Kampuni iliamriwa kuzoa kila kitu, ikazoa. Haikula tena kwa Mama. Hoteli ilibaki na meza mbili, naye alisimulia siku ile huku akijifuta machozi ya kicheko.

Agosti 1999 kisukari kilimzidi, akalazwa Malindi, ambako aliwasumbua wauguzi kutaka kujua nani aliyepika uji ule. Alituaga Jumapili alfajiri, tarehe 14 Novemba.

Ameacha watoto wake Lois, Tom na Oliver, wajukuu wengi, na Jatani, ambaye Mama mwenyewe aliagiza asomwe hapa kama ndugu yake.

Kampuni ile sasa imeomba kibali kingine, upande wa juu zaidi wa mto, na kikao cha kusikiliza ombi hilo ni Jumatano ijayo, Hola. Mama alikuwa ameazimia kwenda, na kitandani bado alikuwa akipanga atakachowapikia. Tunamlilia, na tunajivunia kuwa wake. Yeye apumzike kwa amani, amefanya yake. Sisi tukutane Hola.