Mdhamini wa Nyumba za Wajane

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Alisoma shule ya parokia, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu useremala mwaka 1973. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Kijana hajui kukataa." Laiti mtu angelirekebisha hilo mapema.

Mwaka 1979 alimwoa mama yetu, muuguzi mwenye maneno machache na macho makali. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1988 alikabidhiwa wakfu wa parokia: nyumba sita alizoacha mshonaji mmoja, ili wajane wasio na pa kwenda wakae bure. Wosia ulitaka mdhamini aishi chumba cha uani, na asitoke mpaka muumini mwingine asimame kwenye mkutano wa mwaka na kusema, "Nimepokea." Baba alisema anashika mwaka mmoja tu. Watu wakampachika jina: Mzee Mwaka Mmoja.

Mama akahamishiwa kikazi hospitali ya mji mwingine. Baba angemfuata mkutano ukipita. Kila mkutano aliuliza nani anapokea. Kila mkutano waumini walitazama viatu vyao, kisha wakampigia makofi ya shukrani. Safari moja mwalimu wa kwaya aliokoa jahazi kwa wimbo wa beti tisa. Baba aliziba mabati, akarekebisha madirisha, akawazika wajane kwa heshima. Aliwapenda. Lakini alinyong'onyea, nasi tuliona, na iliuma. Mama alirudi alipostaafu, wakabanana kwenye chumba ambacho kitanda kikiingia, meza inatoka.

Juni mwaka jana alianza kuugua mapafu. Wazee wa baraza la parokia walikwenda kumwona hospitalini.

"Nani amepokea?" aliwauliza.

"Upone kwanza, mzee wetu."

"Kumbe hata kufa naomba ruhusa!" Alicheka mpaka akakohoa. Alifariki tarehe 4 Februari, mama akimshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili na wajukuu wanne. Kwa wosia ule wa mshonaji, mdhamini akifa, mzigo humwangukia mtoto wake wa kwanza, ndiye anayesoma hapa. Wazee walimkumbusha jana, walipokuja kutoa pole. Anawajibu mbele ya baba yake: hapokei. Wajane wale ni wa parokia nzima. Ndugu waumini, kabla ya udongo wa kwanza, mmoja wenu aseme lile neno, baba alisikie, ndipo apumzike kwa amani.