Mzee Filemon Mallya na Medali Asizozivaa

Wasifu huu unasomwa na Jovin, kitindamimba wake.

Mzee Filemon Wenseslaus Mallya alizaliwa tarehe 9 Mei 1955 hapa Kibosho, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wenseslaus na Mama Anastazia. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Walimu walimsifu sana kwa mwandiko wake. Kuhusu hesabu, tunyamaze tu.

Mwaka 1975 alijiunga na Jeshi la Wananchi, na Vita vya Kagera vilipoanza alipelekwa mstari wa mbele. Barua alizotuma kutoka huko familia imezitunza kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na medali zake mbili. Kila barua ilianza kwa kumuulizia ng'ombe mwekundu, kama amezaa au bado, kabla hata ya kusalimia mtu. Barua hizo zilisomwa kwa sauti, na majirani walikuja kusikiliza. Novemba 1978 aliandika kwa majigambo ya ujana: "Kijana mzima anayebaki nyumbani kuchuma kahawa wakati huu, avae kanga tu." Sirili, mtoto pekee wa kiume wa jirani yetu Mama Hilda, alikuwepo barua hiyo iliposomwa. Kesho yake alijiandikisha mgambo bila kumuaga mama yake. Aliuawa Uganda, Aprili 1979.

Marehemu hakujisamehe. Alipewa medali, hakuzivaa hata mara moja. Kila Siku ya Mashujaa alishinda mgombani akikata majani ya ng'ombe, na ukimwita haitiki.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na mama yetu, Mektrida. Mama anasema kabla ya habari za mahari aliambiwa, "Ujue mimi nimemuua mtoto wa mtu kwa kalamu." Mama alimjibu kwamba kalamu haina risasi. Baba hakukubali. Alipotoka jeshini mwaka 1985 alifanya kazi ya ufundi wa magari Majengo, mjini Moshi, hadi mwaka 2010 aliporudi kwenye kihamba chake, shamba la migomba na kahawa alilorithi.

Wazee walimsihi ampelekee Mama Hilda isale. Kwetu, ukiletewa jani hilo huna budi kusamehe, na hapo ndipo alipogoma. "Nitakuwa nimemlazimisha," alisema. Basi miaka yote alizunguka njia ya mtoni ili asipite mlangoni kwa yule mama.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Moshi, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2025, akiwa ametuagiza asizikwe na medali.

Juzi Mama Hilda, mwenye miaka themanini na saba, alikuja akishikwa mkono na dada yetu mkubwa, Priska. Tulimwamkia shikamoo, tukamweleza agizo hilo.

"Marahaba. Mvisheni," alisema. "Nilishamsamehe zamani. Nilikuwa nangoja aje mwenyewe, hata mikono mitupu, nami nikagoma kumfuata. Nilimwona akizunguka kule mtoni nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na sasa nitamwambia nani?"

Tumemvisha.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na Mama Hilda, ambaye ameomba aandikwe hapa kama mama yake.

Mungu ampe pumziko. Baba, ukimwona Sirili, mwambie mama yenu hajambo.