Mluzi wa Chiriku

Opareta: Vwawa, pokea simu ya Tunduma. Ongeeni, dakika tatu.

Roda: Haloo? Nyumba ya wageni hapa. Nani mwenzangu?

Stumai: Mimi, mama Fatu. Nipo posta. Hamjambo?

Roda: Hatujambo. Watoto wazima?

Stumai: Wazima. Hata shemejio humuulizi?

Roda: Aa, Hamis naye... hajambo?

Stumai: Yuko safari. Lori siku hizi linaharibika kila mara, analala Makambako. (mkwaruzo) Nasikia wale chiriku niliokupa wametotoa?

Roda: Zamani. Kuna dume anaimba hapa, wageni wanasahau chai.

Stumai: Na baba yake kwangu hakutoa hata sauti. Uwele nikamnunulia kwa Wazambia, mayai nikamchemshia. Roho inaniuma, dada Roda, sikufichi.

Roda: Si ulimfungia na jike tundu moja? Dume akishapata mke amwimbie nani? Mimi huyu nimemtenga peke yake.

Stumai: Haya, mjuzi. Nirudishie huyo kinda.

Roda: Huyu nimemlea mwenyewe. Chukua dada yake.

Stumai: Jike haimbi, wanipa wa nini? Mimi nataka— ngoja. Ndiye huyo anayeimba?

Roda: Ndiye. Tundu lipo juu ya simu.

Stumai: Mwache arudie.

Roda: Kelele tu hizi, ngoja nimfunike kanga—

Stumai: Usimfunike. Mluzi huo kafundishwa na nani?

Roda: Makinda hushika chochote. Magari yanapita, wageni wanapita...

Stumai: Wa kupita hamfundishi kinda. Ni wewe uliyeniambia: mpaka asikie kila mara, tangu yumo kiotani.

(Mluzi wa kinda tena)

Stumai: Mifupi miwili, halafu mrefu unapanda. Ndivyo Hamis anavyopiga akifika kwangu, nimfungulie.

Roda: Laini mbaya, mama Fatu, sikusikii—

Stumai: Unanisikia. Makambako iko hapo Vwawa, kumbe.

Opareta: Tunduma, muda umekwisha.

Stumai: Kidogo tu, ndugu yangu.

Roda: Shoga, sikiliza. Huyo kinda nitakuletea. Kesho hiyohiyo, na tundu lake—

Stumai: Simtaki tena. Kila akiimba nitainuka kufungua mlango.