Kimya Kwanza: Maisha ya Fundi Aliyesikiliza Injini

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi na wateja wa marehemu mliofika tangu asubuhi, familia inawaomba mkae vizuri na kutulia, kwa kuwa mtu tunayemsindikiza leo hakuwahi kuanza kazi yoyote kabla watu hawajanyamaza, na ndiyo maana mjini kote alijulikana kwa jina la Kimya Kwanza, hata wajukuu zake wengine walikuwa wakubwa ndipo walipojua kwamba ana jina lingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kukoboa nafaka, akiwa mtoto wa tatu wa mwendesha mashine wa kiwanda hicho, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mashine zikizimwa mtoto huyu aliamka akilia, zikiwashwa alilala fofofo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957, akamaliza mwaka 1964 bila makeke, isipokuwa kwamba mwalimu mkuu alikuwa akimtoa darasani mara kwa mara ili aisikilize pikipiki yake, jambo ambalo marehemu alilihesabu kuwa ndiyo elimu yake ya juu.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika gereji ya kampuni ya mabasi, akaanza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, akapanda hadi kuwa fundi mkuu wa injini, na mwaka 1981 akafungua gereji yake mwenyewe kwenye barabara ya stesheni, ukuta kwa ukuta na nyumba yake. Utaratibu wake mnaukumbuka nyote mliowahi kupeleka gari pale, kwamba dereva alishushwa, redio ikazimwa, wapiga soga wa kwenye benchi wakaambiwa kimya kwanza, kisha fundi akachukua bisibisi yake ndefu ya mpini wa mbao, akaweka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho, na alipoyafumbua alikuwa na jibu. Akishatengeneza alisikiliza tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kumwambia dereva maneno yaleyale, "Haya, zima, ipumzike."

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu huyu, fundi cherehani, ambaye walijuana siku marehemu alipoitwa kuitazama cherehani yake, akamwambia binti wa watu anyamaze ili fundi asikilize, naye binti akamwambia anyamaze yeye, kwa kuwa mashine hiyo anaijua, nayo inalia upande wa kulia chini ya bobini, na kweli kasoro ilikuwa hapohapo. Marehemu alikiri mara nyingi kwamba siku ile alishikwa pabaya. Mungu aliwajalia watoto wanne, wakaja na wajukuu, na mwaka 1988 familia ikapata gari jeupe, kuukuu tangu siku liliponunuliwa, ambalo mama alilipachika jina la mke mwenzangu, kwa sababu mzee aliliamkia kabla ya kumwamkia yeye.

Mwaka 2012 gari hilo lilianza kutetemeka likiwa limesimama, na kugonga ko, ko, ko, kiasi cha kutikisa vikombe mezani. Marehemu akaweka bisibisi yake, akasikiliza, akasema ni beringi za krenki, akaishusha injini, akabadilisha, akairudisha, na gari likaendelea kugonga kama vile halijaguswa. Akasema basi ni pistoni, akaishusha tena, na matokeo yakawa yaleyale, na sasa wapiga soga wa kwenye benchi walianza kutazamana, wateja wawili watatu wakapitiliza kwenda gereji ya mbele, na mzee akawa hali chakula kikaisha, kwa kuwa mtu aliyejengewa jina na sikio lake alikuwa anashindwa na gari lake mwenyewe.

Muda huo wote mama alikuwa dirishani na cherehani yake, na pamoja na kule kugonga alikuwa anasikia mlio mwingine mwembamba ambao mumewe hakuwahi kuutaja. Hakusema, kwani alikuwa ameshagundua kwamba mzee hasikii tena birika likipiga mluzi jikoni, wala simu ikilia chumbani, na aliogopa kwamba akimwambia habari ya gari atakuwa amemwambia habari ya sikio. Lakini Jumapili moja mchana, alipomwona anaandaa minyororo aishushe injini kwa mara ya tatu, gari likiwa bado linanguruma, uvumilivu ulimwishia, akatoka na sindano zake bado kifuani, akamwekea mkono mgongoni.

"Baba watoto, kimya kwanza," akamwambia. "Hapo nyuma kuna kitu kinapuliza, sss, kama birika linalokaribia kuchemka."

Mzee akasema yeye hasikii kitu.

"Najua," mama akamjibu.

Marehemu aliinama, akapapasa nyuma ya kabureta, akaubana kwa vidole mpira mwembamba wa hewa, na palepale injini ikatulia chini ya mkono wake. Mpira ulikuwa umepasuka, injini ikawa inavuta hewa isiyotakiwa na kutetemeka, na kwa kutetemeka ikawa inajigonga juu ya kikalio chake kilichochakaa, wakati matumbo yake yaliyofunguliwa mara mbili yalikuwa mazima kabisa. Akakaa juu ya tairi, akacheka, kisha akalia, mama akakaa naye, na gari likaachwa lingurume.

Siku iliyofuata watu walidhani atafunga gereji, kumbe alikuwa ameongeza kiti cha pili. Tangu hapo mama ndiye aliyeshika bisibisi, akisema inakwaruza, inakohoa, inapuliza kushoto, naye mzee akiutaja ugonjwa, na hawakukosea tena isipokuwa walipokuwa wamenuniana.

Mwaka 2022 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, na daktari alipompima kwa kile kipimo cha masikioni, mzee alimwomba amwachie mkewe asikilize kidogo, daktari akakubali, mama akasikiliza, akasema injini inatetemeka ikiwa imesimama. Mzee akasema basi huo ni umri, siyo mpira. Aliendelea na matibabu hadi Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alipofariki dunia mkewe akiwa ameegemeza sikio kifuani pake.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na mafundi wenzake, ambao leo asubuhi waliliwasha gari jeupe hapo nje, na sote tukanyamaza bila kuambiwa, mama akaweka mpini sikioni akasikiliza kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halikuwa linagonga, wala halikuwa linapuliza. Mama ametuagiza tumrudishie marehemu maneno yake mwenyewe, nasi tunayasema kwa niaba yake.

Haya, baba watoto, zima, upumzike kwa amani.