Karai Likirudi, Lirudi na Neno

Hamjambo kina mama wa Skuta, na nyinyi wasichana wa afya mlioketi huko mlangoni kama watu wanaotaka kutoroka. Mwalimu wenu wa hapa amenileta kwa sababu mnalalamika. Ati mnafundishwa kutunza wajawazito kwa simu, na mtu aliye Nairobi, hammwoni, naye hawaoni nyinyi, na masomo hayashiki. Ati kuna watu waliosoma sana wanaochunguza ni nini hufanya masomo ya mbali yashike. Waendelee, ni kazi nzuri. Mimi nyanya yenu, shosho, nilifundishwa na mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake vizuri, na somo moja lilipoharibika njiani, lilikuja kuniharibu mimi. Nitawaeleza, lakini jina la mtu sitataja. Wengine wajukuu wao wameketi humu humu.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilikuwa msichana, nimeolewa juzi tu, na niko na mimba. Mume wangu alikuwa amepelekwa kizuizini. Nyumba zetu zilichomwa, tukasukumwa sote kwenye kijiji kimoja chini ya homgadi, askari wa kwetu waliomtumikia mkoloni, halafu tukaamriwa kukizungushia handaki ili wapiganaji wetu wa msituni wasipate chakula. Tuliochimba ni wanawake. Wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini, na wachache walisimama juu yetu wakiwa na viboko.

Tulisimama laini moja, na udongo ulipanda kutoka chini kwa karai, mkono kwa mkono, mpaka juu kabisa ambako mimi nilikuwa wa mwisho, nikimwaga. Karai tupu lilirudi chini kwa mikono hiyo hiyo. Aliyekuwa akijaza makarai kule chini, kwenye kona, alikuwa mkunga aliyefunzwa na wamishenari. Mume wake alikuwa msituni, kwa hivyo yeye alilala kambini kwa homgadi, akiletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Ukimsogelea, viboko. Mimi nilijua kitambaa chake cha kichwa tu, na hata hicho kilikuwa kimejaa udongo.

Wakunga wa kijiji walikuwa wamekufa au wamechukuliwa, na kwenye ile laini matumbo yalikuwa mengi. Mkunga aliyaona, akaanza kufundisha. Akimpa jirani yake karai, anamnong'oneza neno moja: osha mikono kwa maji moto. Au, wembe wa kukata kitovu uchemshwe kwanza. Jirani anampa wa pili karai na neno, wa pili anampa wa tatu, mpaka neno linanifikia mimi huku juu. Tulifurahi sana. Tulijiona tumewashinda homgadi. Ndugu zangu, nawaambia, hatukujiuliza hata mara moja kama neno lililofika ndilo lililotumwa.

Siku yangu ilipofika, maji yalivunjika nikiwa na karai mkononi. Homgadi alinichapa kwanza kwa kumwaga udongo, halafu ndiyo akaona miguu yangu. Mama mkwe wangu, aliyesimama katikati ya laini, akaruhusiwa kunipeleka nyumbani. Nilizaa mtoto wa kiume, mzima, akalia kwa hasira. Lakini kondo la nyuma halikutoka.

"Likichelewa tufanye nini?" mama mkwe akauliza. "Mkunga alisema tuvute, sivyo?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu mimi mwenyewe. "Hata mimi nilisikia hivyo. Vuta."

Akavuta ile kamba ya kitovu. Akavuta tena. Sitawaambia kilichotoka, kwa sababu mtakula chakula baadaye, lakini halikuwa kondo peke yake. Sakafu ilijaa damu na mimi nikazimika.

Nilipoamka sikuwa na maziwa. Mama mkwe alikwenda kuomba ruhusa avuke handaki atafute maziwa ya mbuzi. Homgadi wa lango la kijiji alikuwa kijana wa kwetu, aliyekuwa akila kwa mama huyo huyo alipokuwa mdogo. Akamwambia, "Si uko na matiti? Mnyonyeshe wewe." Wenzake wakacheka. Mwanangu akaanza kwa kupunguza kulia, halafu akaacha kulia. Tulimzika ukingoni mwa kijiji, na haikupita muda handaki likapanuliwa upande huo. Waliochimba hapo ni sisi.

Nilirudi kwenye laini, mahali pangu pale pale juu. Nilimchukia yule mkunga, na nawaambia ukweli, nilimchukia kuliko homgadi. Homgadi nilijua ni adui. Huyu alikuwa amejifanya mtu wangu. Siku moja nilimwaga udongo, na badala ya kurudisha karai kimya kama kawaida, nililishikilia nikamwambia mwanamke aliyenifuata, "Peleka hili neno chini. Mwambie, aliniua kwa hiyo vuta yake."

"Wewe uko na wazimu? Neno halirudi chini. Unataka tupigwe?"

"Peleka, ama nitapiga kelele nimwambie mwenyewe."

Akapeleka. Nilisimama hapo nikiangalia lile karai tupu likishuka, kichwa kimoja kikiinama kwa kingine, mpaka likafika kwenye kitambaa cha udongo. Kitambaa kilisimama. Homgadi akapiga kelele, kikainama tena. Karai likapanda limejaa, na mwanamke aliyenifuata alikuwa akilia aliponipa.

"Amesema, 'Nilisema usivute.'"

Mnasikia? Usi. Ni kipande kidogo cha neno, na hata kwa Kikuyu ni kidogo hivyo hivyo. Pengine homgadi alipita wakati huo na mtu akakimeza. Pengine ni upepo wa mlima, au sikio lililokuwa limepigwa kofi jana yake. Mpaka leo sijui kilianguka mikononi mwa nani, na sikutafuta, kwa sababu ningempata ningefanya nini? Mtoto wangu alikuwa amekufa kwa sababu ya usi.

Karai lililofuata lilikuja na neno lingine: "Pole, mwanangu. Sikujua. Mtoto yuko wapi?" Nikarudisha, "Hayuko." Na lile lililofuata likaja na amri, na hapo ndipo kila kitu kilibadilika: "Kuanzia sasa, kila neno nikituma, wa mwisho anirudishie. Karai likirudi, lirudi na neno."

Wanawake walinung'unika. Ilikuwa hatari mara mbili. Lakini nafasi mbili chini yangu kwenye laini alisimama wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo likiwa limeshuka tayari, na mama mkwe ndiye angemzalisha kwa mikono ile ile. Kila nikiuona mgongo wa wifi nilijiambia, huyu asife. Sikutaka kitu kingine duniani.

Basi tukaanza upya. Mkunga akatuma, "Akizaa mpe uji mwepesi," mimi nikamrudishia kilichonifikia, "Akizaa mpe uji mwekundu." Likaja jibu, "Hapana. Rudieni." Tulirudia mpaka likanyooka. Siku nyingine hakutuambia kitu, alituuliza tu: "Mama akitokwa na damu nyingi, utaanza na nini?" Tukajibu ovyo, akatusahihisha, akauliza tena siku iliyofuata alipodhani tumesahau. Tulikuwa tumesahau. Kuhusu kondo la nyuma aliniuliza mpaka nikaudhika. Mtoto awekwe titini. Mama achuchumae. Usivute. Ngoja. Nilimrudishia hayo nikiwa na njaa, nikiwa na homa, na mara moja mdomo ukiwa umevimba kwa kupigwa.

Wifi alizaa asubuhi, muda mfupi kabla ya filimbi ya kazi. Ukichelewa filimbi, mnajua. Mtoto akatoka, msichana, na kondo likabaki ndani. Filimbi ikalia. Mama mkwe akashika kamba ya kitovu.

"Tumalize, watakuja! Nivute kidogo tu!"

Nikamshika mkono. Msichana kama mimi, kumshika mama mkwe mkono! "Mama, tungoje."

"Watatuua!"

"Watupige. Wewe ngoja."

Alinitazama, na najua alikuwa akiona ile sakafu ya siku yangu. Akaachilia. Tukamchuchumaza wifi, mtoto titini, tukangoja. Mlango ukapigwa teke. Homgadi wawili wakatuburura mimi na mama mkwe nje, wakatupiga hapo mbele ya mlango, wakipokezana. Katikati ya kupigwa nikamsikia wifi akiita ndani, "Limetoka! Mama, limetoka lenyewe!" Mama mkwe alicheka. Alikuwa chini kwenye matope, anachapwa, na anacheka, na wale wakamchapa zaidi kwa sababu hawakujua anacheka nini. Walimpiga sikio moja, na hakusikia vizuri kwa hilo tena mpaka alipokufa.

Tulipelekwa kazini moja kwa moja, nguo imegandamana na mgongo. Nikamwaga karai la kwanza, nikalirudisha na neno: "Amejifungua. Tulingoja." Likapanda limejaa, na swali: "Ni kijana ama msichana?" Nikarudisha: "Msichana." Likaja lingine: "Mmefanya vizuri." Na mimi, ambaye sikulia tulipomzika mwanangu, nililia hapo juu nikimwaga udongo.

Baadaye homgadi waligundua mafunzo yetu. Lori likaja likamchukua mkunga, na siku iliyofuata makarai yalipanda na udongo mtupu. Emajensi ilipoisha nilimtafuta Karatina, nikamtafuta mpaka Kerugoya. Watu waliniuliza jina lake nani, na sikuwa nalo. Kwa zile siku zote, na yale maneno yote, hakuna aliyekumbuka kumwuliza jina. Mume wangu alirudi kutoka kizuizini, akakuta mke asiyeweza kuzaa, akaoa mwingine. Hilo liliniuma na bado linaniuma, sitawadanganya ati nilizoea. Lakini nilienda hospitalini nikajifunza kazi vizuri, na wengi wenu hapa, mkono wa kwanza kuwagusa ulikuwa huu.

Nawashukuru wanawake wa ile laini, walionong'ona wakijua bei yake. Namshukuru mama mkwe wangu, aliyeachilia mkono. Namshukuru mwalimu wangu, popote alipolazwa. Na nyinyi wa simu, mkiwa hamwonani na mwalimu wenu wa Nairobi, msinyamaze mkasema mmeelewa. Mrudishieni alichowafunza, awakosoe. Akiwa hawezi kuwajibu, mwambieni mwalimu wenu hapa awatafutie anayeweza. Hospitalini wako na dawa na njia zao, mpelekeni mama huko mapema. Lakini mkikwama mahali bila gari, nyinyi hamna ujuzi wao, basi shikeni neno moja nililowapa leo.

Sasa sitaketi bado. Wewe wa mwisho kabisa, hapo mlangoni, wewe uliyeweka simu mapajani. Ndiyo, wewe. Kondo la nyuma likichelewa, nimesema nini?

"Usi... usivute, shosho. Ngoja."

Sema tena, kwa nguvu. Hawa wa mbele hawakusikia mwanzo wake.

"Usivute!"

Haya. Limefika.