Ukuta wa Igoma na Safari ya Siku Sita ya Nathaniel Mayala

Baba Mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, mafundi mliofunga karakana zenu kule Igogo, na ninyi ndugu wa Ukerewe mliovuka maji kuja kumchukua mtu wenu, historia hii inasomwa na Yakobo, mdogo wake marehemu wa kumfuata. Kamati ya mazishi imemwomba awe mfupi na aziruke habari za ukuta, naye aliitikia kwa heshima, lakini ataisoma yote, maana marehemu hakuwa fundi wa kuziba ufa kwa rangi.

Nathaniel Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Bukindo, Ukerewe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mayala Kashindye na Mama Selestina, wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na mwaka 1984 akapelekwa kujifunza useremala, ambako mwalimu wake alilalamika kwamba kijana huyu kila akipewa mbao za kabati anazipinda ziwe mtumbwi.

Mwaka 1988 alihamia Mwanza, akaanza kuunda mitumbwi ya wavuvi katika mwalo wa Igogo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuna chombo chake kilichorudishwa kwa kuvuja. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Dorotea, binti wa Mkuyuni, wakajaliwa watoto wawili, Evelina mwaka 1998 na Paulo mwaka 2003, na ameacha mjukuu mmoja ambaye bado anaulizia babu anaamka saa ngapi.

Mwaka 2012 aliletewa pale Igogo chombo cha kutengeneza ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona, katamarani, yaani mashua ya tanga yenye mitumbwi miwili iliyoungwa kwa sakafu moja pana, na marehemu aliipima yote kwa uzi, fundo kwa fundo, akarudi nyumbani mtu mwingine kabisa. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja, kwamba ataunda ya kwake, awatembeze wageni visiwani kwa siku sita, akiwaongoza yeye mwenyewe na kulala nao kwenye mahema, na safari hiyo akaiandika katika daftari, siku baada ya siku, ufukwe gani una kichocho mtu asioge, wapi viboko hupanda kula majani, na Ukara waende saa ngapi kuliona jiwe linalocheza.

Mashua aliijenga hapa Igoma, nyuma ya nyumba hii, kwenye viwanja viwili ambavyo yeye na Yakobo walivinunua pamoja mwaka 2015, wakati huko mbele kulikuwa na mahindi tu hadi barabarani. Watu walimwita Nuhu, Yakobo akiwa wa kwanza, naye alikuwa akijibu kwamba Nuhu alibahatika, maji yalimfuata mwenyewe mlangoni.

Sasa ndugu wafiwa, mwaka 2021 Yakobo alijenga vyumba vinne vya kupangisha upande wake, na ukuta wake ukaziba njia pekee ya mashua kutokea. Alimwomba kaka yake ruhusa, kaka akatazama mbao zake, akatazama kiwanja, akasema jenga mdogo wangu, na Yakobo akajenga, kwa sababu moyoni, jamani, hakuamini kama ile mashua ingekwisha.

Ilikwisha tarehe 20 Desemba 2024, upana wake mita tano na nusu, na kichochoro kilichobaki kilikuwa mita tatu. Wapo walioshauri ikatwe katikati, marehemu akakataa, akisema chombo kilichokatwa kinaweza kubeba samaki, ila yeye hawezi kukipakia watoto wa watu. Yakobo aliahidi kubomoa, lakini ilipofika tarehe 1 Februari akapokea kodi ya miezi sita kama ilivyo desturi ya mji huu, na kaka yake hakugomba, alisema tu kwamba Modesta wa chumba cha pili ana kichanga, mpangaji hafukuzwi, mashua itangoja hadi mwisho wa Julai.

Mashua ilingoja, lakini mwili haukungoja. Tarehe 12 Machi 2025 alipimwa akakutwa na saratani ya ini, madaktari wakasema imeshasambaa na hakuna cha kukata, na familia ilihangaika, ikauliza tena kwingine na kujibiwa yale yale, ikaleta mizizi kutoka Magu, ikafunga na kuomba. Wageni wanane waliokuwa waje Agosti waliandikiwa kwamba safari imeahirishwa, naye kila tukimuuliza anataka nini alijibu jambo moja, aiguse mashua yake ikiwa majini, akae kwenye usukani walau mara moja. Modesta na wapangaji wenzake walijitolea kuhama mapema, marehemu akakataa kabisa, na hakuna hapa aliyewahi kumshinda kwa maneno. Tulichoweza ni kumgeuza ubavu na kumsomea daftari lake.

Alilazwa tarehe 28 Julai, vyumba vikawa wazi tarehe 31, na tarehe 4 Agosti Yakobo alichukua nyundo, akabomoa kwa siku nne bila fundi, akibandua hata matofali ambayo marehemu mwenyewe alimsaidia kuyapanga. Alhamisi alikimbilia wodini kumwambia kaka njia iko wazi, mita sita kamili, akamkuta hasikii tena, akamwambia hivyo hivyo. Nathaniel alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dorotea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani wa Igoma waliopika na kulala nasi chini, Modesta aliyerudi kuosha vyombo vya msiba, na mafundi wa Igogo waliolichonga jeneza hili kwa mbao zilizobaki za mashua na kukataa kulipwa. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu awazidishie.

Mchana huu atatolewa kupitia pale palipokuwa na ukuta, pana kiasi kwamba wabebaji mnaweza kutembea kumi kwa mstari, halafu meli ya Nansio, halafu Bukindo, na hiyo, kwa daftari lake, ndiyo njia ya siku ya kwanza. Ukurasa huo ameandika kwa mkono wake kwamba siku ya kwanza mgeni asibebe kitu, asiulizwe kitu, apumzike tu, kazi yote ni ya mwenyeji.

Kaka Nathaniel, leo mgeni ni wewe. Tumechelewa kukufungulia, tusamehe. Usibebe kitu, pumzika.